Mama Hakuwahi Kudaiwa Siku

Mjukuu wa jirani yangu kajifungua wiki hii, na tangu asubuhi harufu ya uwatu unaochemshwa inaniingilia kwa dirisha la jikoni. Nimempelekea sukari na hongera zake, mtoto nimempakata, nikasema yote ambayo bibi kizee hutarajiwa kusema. Kisha nikarudi nyumbani nikafunga dirisha. Uwatu haunuki vibaya. Una utamu wa sukari iliyoungua na uchungu kidogo nyuma yake, na wapo wanaoupenda. Mimi unanirudisha uani kwetu Tongoni, kwa mama yangu aliyeegemea ukuta na bakuli mkononi, akinywa funda baada ya funda dawa ya kumletea maziwa, na maziwa hayaji.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza chuo cha Kurani, bado nakwama kwenye herufi, alipozaliwa mdogo wangu Athumani. Mama alizalia nyumbani, kama wanawake wote wa kwetu walivyozalia nyumbani. Mimi nilifukuzwa, nikaambiwa nikacheze kule kwenye magofu nisionekane mpaka niitwe. Sikwenda. Nilijibanza nyuma ya banda la kuku nikaona kanga zikitoka chumbani zimelowa, nyingine zikiingia kavu, nazo zikatoka zimelowa. Nikamsikia mkunga akimwambia Bibi, mama yake baba, "Damu imemwagika nyingi, sijapata kuona." Bibi akamjibu, "Maadamu anapumua, itarudi." Hilo nikalishika. Nilimwona mama kama mtungi uliopinduka: maji yamemwagika, lakini kisima si kipo? Utajazwa. Nikawa namchungulia kila siku nione amejaa kiasi gani.

Hakujaa. Mtoto alilia, akawekwa kifuani, akanyonya akaacha, akalia zaidi. Bibi akapika uwatu, akapika mchuzi wa papa, akapika uji wa pilipili manga uliomtoa machozi hata aliyekuwa akiukoroga. Kifua cha mama kilikaa vilevile. Hakikuvimba wala hakikumuuma kama vinavyowauma wazazi wengine siku za mwanzo. Mwisho akaja jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke wa Kipemba tuliyemwita Mama Jokha, ambaye bintiye Jokha alikuwa bado mchanga. "Hebu mlete huku," akasema, akakaa mkekani, akampa Athumani ziwa la pili. Mtoto akanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza, na mama akageukia ukuta.

"Namwazima tu, Mama Zuhura," Mama Jokha alimwambia. Zuhura ni mimi. "Ukipata nguvu n'takurudishia mwanao."

"Nitapata," mama akasema.

Hayo ndiyo makubaliano, na sisi wote tuliyajua. Athumani akawa analala kwa Mama Jokha, analetwa kwetu mchana akishashiba, na mama kazi yake moja tu duniani ilikuwa kupata nguvu ili mtoto arudi. Mimi kwa akili yangu nilidhani amemnunia. Mtoto ndiye aliyemmwaga damu, mama kakasirika, kamnyima maziwa, akishaghairi atampa. Nilikuwa nikimbembeleza mama kwa maneno mazuri juu ya Athumani, kwamba ana vidole vizuri, kwamba anacheka, nikitumaini hasira zitaisha. Mama alikuwa ananisikiliza huku machozi yanamtoka, nami nikadhani maneno yangu yanafanya kazi.

Mwanamke niliyekuwa nimemjua kabla ya hapo alikuwa akitwanga na kuimba kwa wakati mmoja, na akikuita ukiwa kwa jirani wa tatu unasikia. Huyu aliyebaki alikuwa mwingine. Alisikia baridi. Nasema baridi, Tanga, wakati wa kaskazi, watu wanalala uani kwa joto, yeye kajifunika koti la baba na bado anausogelea moto. Sauti yake ikawa nzito na ya polepole, kama mtu aliyeamshwa sasa hivi. Nyusi zilimpunguka kuanzia pembeni. Alikuwa akimdarizia Athumani kofia, akishona tundu mbili tatu analala na sindano mkononi, na kwa mwendo huo kichwa cha mtoto kikaishinda kofia kabla haijafika nusu, akaifumua, akaanza kubwa zaidi. Na akawa mweupe. Rangi ilimtoka pole pole mpaka wageni wakawa wanamsifia, "Mama Zuhura, uzazi huu umekupendeza, umekuwa kama binti wa Kimanga!" Bibi alikuwa akifurahi kusikia hayo, maana ilikuwa nadra kusikia jema juu ya mkwewe.

Maelezo hayakukosekana. Bibi alisema ni baridi ya uzazi: arobaini yake iliangukia mvua, kuni zililowa, hakuota moto inavyotakiwa, na baridi imemwingia kwenye mifupa. Kwa hiyo alifukizwa na kuogeshwa maji ya moto ya majani mpaka ngozi ikachubuka. Shangazi zangu wawili, dada zake baba, walisema ni uvivu, na walisema kwa sauti ya kusikika. Kisha kukawa na habari ya kuanguka. Mama akisimama ghafla alikuwa anapepesuka, macho yanazunguka, anaporomoka. Hapo ikaamuliwa ana pepo. Baba, ambaye alikuwa mpishi wa meneja wa Kigiriki kwenye shamba la mkonge na akija nyumbani Jumamosi tu, alitoa mbuzi, ngoma ikapigwa, mama akainuliwa kutoka kwenye kigoda ili acheze. Aliinuka, akaanguka palepale. Wanawake wakapiga vigelegele: pepo kapanda! Nilipiga na mimi. Nilifurahi kwamba sasa pepo katambulika, na Athumani atarudi.

Sasa nije kwenye Ramadhani, maana hapo ndipo tulipopotea wote.

Mtoto anayekulia kwenye nyumba ya wanawake hujua mambo mawili kuhusu mwezi mtukufu: kwamba wote wanafunga, na kwamba kila baada ya muda kuna mmoja anayekula jikoni, mlango umerudishwa. Leo shangazi mkubwa, wiki ijayo shangazi mdogo. Nikisukuma mlango namkuta mtu anatafuna kiporo cha futari haraka haraka, ananiwekea kidole mdomoni. Nikimuuliza Bibi naambiwa, "Kichwa kinamuuma." Ramadhani ikiisha, sikukuu imekwenda, sisi watoto tushasahau habari za kufunga, shangazi zangu wanaamka daku peke yao kulipa siku zao, wananung'unika kama wadaiwa wote. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Mtoto wa kike alikuwa haelezwi mpaka yamfike. Basi nikajieleza mwenyewe: shangazi zangu ni walafi.

Mama yangu hakuwa mlafi. Yeye asiyeweza kunyanyua ndoo, alifunga kutoka mwandamo hadi mwandamo, na mfunguo mosi ukiingia hadaiwi hata siku. Ramadhani ya kwanza baada ya Athumani Bibi alimsifu mbele ya wageni. "Mnamwona huyu, mgonjwa mgonjwa? Kawashinda wazima. Wenziwe wanalipa, yeye kakaa." Ramadhani ya pili akamsifu tena, na shangazi zangu wakainamisha vichwa. Mama alitabasamu. Ilikuwa ndiyo sifa pekee aliyobakiwa nayo katika nyumba ile, na mimi niliitembeza mtaani kama nguo mpya. Nyumba imejaa wanawake wazima, waliozaa na kuzalisha, na hakuna hata mmoja aliyekaa akajiuliza imekuwaje kijana mwenzao apitishe mwezi, na mwezi, na mwaka, bila kichwa kumuuma. Waliliona. Waliliita uchamungu.

Mama mwenyewe alikuja kuniambia, nilipokuwa mtu mzima, kwamba alidhani damu yake yote iliisha siku ile, na kwamba Mungu kampa saumu isiyokatika kuwa badala ya maziwa. Aliona ni neema. Akaificha kama watu wanavyoficha neema, asije akahusudiwa.

Baina ya Ramadhani hizo mbili Athumani aliachishwa ziwa. Hapo ndipo angerudi, ndivyo ilivyokuwa imesemwa. Lakini mama alikuwa hawezi kumbeba kutoka mlangoni hadi uani bila kukaa chini, na mtoto alikuwa wa kukimbizwa. Na mume wa Mama Jokha, aliyekuwa akichuuza samaki wakavu, akaamua kuhamia Moa, huko mpakani, kwenye biashara nzuri zaidi. Bibi na Mama Jokha walikaa barazani wakazungumza kwa muda mrefu. Mama aliitwa mwisho.

"Kwa sasa aende nao," Bibi alimwambia. "Weye ujiuguze. Ukipata nguvu utamfuata."

"Nitapata," mama akasema, maneno yaleyale, kwa sauti yake mpya ya usingizi. Lori lilipoondoka hakulia. Nilimchukia kidogo siku ile kwa kutolia. Sikujua kwamba kulia nako kunataka nguvu.

Ramadhani ya tatu ilimwangusha. Ilikuwa alasiri, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya futari, akajilaza ubavu kama anayetaka kupumzika, na hakuinuka. Mikono ilikuwa baridi na jasho jembamba limemtoka. Bibi alimmiminia maji mdomoni, mama akauma meno, akafumbua macho kidogo, akasema, "Magharibi bado." Hakutaka kudaiwa. Bibi, ambaye maisha yake yote hakumruhusu mtu afungue kabla ya adhana, alimpanua mdomo kwa vidole, akampiga kofi, akamwita majina yake yote. Lori la nazi lililokuwa linapita kwenda mjini likasimamishwa, tukapanda, Bibi kakipakata kichwa cha mama na mimi nimeishika miguu.

Hospitalini walimtundikia chupa ya maji yenye sukari, akazinduka. Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kuagizia chai, na aliyekuwa akimtafsiria ni nesi wa Kibondei, mwanamke wa makamo aitwaye Nesi Rebeka. Daktari akauliza mengi: homa, kikohozi, choo. Akauliza na lile jingine. Nesi aliinama akamuuliza mama kwa sauti ndogo, na mama akatazama viatu vya yule mwanamume, akasema, "Mambo yangu sawa." Bibi akaongezea kwa ukali kwamba mkwewe hana kasoro. Ni nani angesema vinginevyo, na mwanamume asiye mumeo amesimama miguuni pa kitanda anangoja jibu? Daktari akaandika ni upungufu wa damu, na kesho yake ilikuwa turudishwe nyumbani.

Kesho yake Nesi Rebeka alinikuta mlangoni mwa wodi, akanipa chungwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, nikalirudisha chungwa.

"Umefunga, mtu mdogo hivi?"

"Nafunga nusu," nikasema, "lakini mama yangu anafunga mwezi mzima. Shangazi zangu wanakula jikoni, halafu wanalipa. Yeye hali. Hajalipa hata siku moja tangu azaliwe Athumani."

Nilisema kwa majivuno, kama nilivyokuwa nikisema mtaani. Nesi alikuwa Mkristo lakini kakulia mlango kwa mlango na Waislamu, hakuhitaji kuelezwa kula jikoni ni kula gani. Akachuchumaa.

"Athumani anatembea?"

"Anakimbia. Alinyonya kwa Mama Jokha. Mama hakutoa maziwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Alimwagika damu."

Akaenda moja kwa moja kwa daktari, na chungwa akaniachia. Walirudi wote wawili, wakavuta pazia, na safari hii daktari alikaa. Nilichungulia. Alimshika mama nyusi kwa kidole gumba, akatazama rangi ya viganja na ya ngozi, akamwomba nesi amwinue mkono aone kwapani, ambako hakukuwa na unyoya hata mmoja ingawa mama alishasahau wembe ni nini. Akamuuliza Bibi juu ya siku ya uzazi, kanga ngapi, alizimia au hakuzimia. Bibi sasa alijibu kila kitu, kwa sauti isiyokuwa yake.

Sikusomea udaktari, niliishia ualimu. Lakini nilipokuwa mkubwa wa kumsindikiza mama kuchukua dawa, nilimwomba daktari mwingine anieleze pole pole, na alinieleza. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wa punje ya dengu. Hiyo ndiyo inayozituma homoni zake kwenda kuziamsha tezi nyingine: ya shingoni inayotia mwili joto, zile za juu ya figo zinazompa mtu nguvu ya kusimama na kustahimili njaa, na za uzazi zinazoleta hedhi. Maziwa nayo huanzia hapo hapo. Mwanamke akiwa na mimba tezi hiyo hunenepa na kutaka damu nyingi. Damu ikimwagika ghafla, tezi inakauka. Baada ya hapo zile nyingine zinakaa zikingoja kuamshwa, na hakuna wa kuziamsha. Ndiyo maana maziwa hayakuja, na siku hazikuja, na joto likaondoka, na rangi, na nywele, na akisimama anaanguka, na njaa ya saumu ikakaribia kumuua. Sisi tulikuwa tumeupa ugonjwa huo mmoja majina yote tuliyokuwa nayo: baridi, uvivu, pepo, uzuri, dini. Tulikosa moja tu. Nimezeeka sasa na bado moyo unaniuma nikikumbuka kwamba dalili iliyokuwa wazi kuliko zote ndiyo tuliyokuwa tukimpigia makofi. Angeulizwa na mwanamke mmoja tu, jikoni, mlango umerudishwa, "Mwenzetu, mbona weye huli?" Ugonjwa ungejulikana Athumani akiwa bado ananyonya kwa jirani, ukuta wa pili, hajapelekwa Moa.

Alipewa vidonge vya aina mbili, vya kumeza kila siku ya maisha yake. Daktari alisema maziwa hayatakuja wala mtoto mwingine, na kwamba asifunge tena. Mama akasema, "Je, nitaweza kumbeba mtoto?" Nesi akatafsiri, daktari akacheka, akasema hata wawili. Hilo la kutofunga mama hakulisikia vizuri siku ile. Alikuwa ameshasikia alilolitaka.

Nilimwona akirudi kidogo kidogo. Kwanza alivua koti. Kisha siku moja nikaona jasho juu ya mdomo wake, nikaita watu waje waone. Sauti ikapanda. Aliinua mchi, akatwanga, akapumzika, akatwanga. Bibi alikuwa akimtazama kutoka barazani, na Ramadhani iliyofuata, mama alipokwenda kula jikoni kwa aibu kama mwizi, Bibi mwenyewe alimfuata na sahani, akakaa naye mpaka akamaliza, midomo yake mwenyewe imekauka kwa saumu. Tangu hapo sikumsikia tena Bibi akimsifu mtu kwa kufunga. Na mara tu baada ya sikukuu mama aliniogesha, akanivisha, akaniambia tunakwenda Moa kumchukua mdogo wangu. Kofia ilikuwa imekwisha. Safari hii aliishona kubwa, kwa makadirio.

Mama Jokha alikuwa kishaletewa habari. Athumani kaogeshwa, kavishwa kanzu, kasimamishwa kando ya Jokha mlangoni, kijana mzuri mwenye magoti ya vumbi. Mama alichuchumaa akafungua mikono. Mtoto akamtazama Mama Jokha, akasukumwa kidogo begani, akaja, akatoa mkono.

"Shikamoo, Mama Zuhura," akasema.

Ndivyo alivyokuwa amemsikia akitajwa nyumba ile, na ndivyo Jokha alivyomwita. Mama aliitikia marahaba, akamkumbatia. Nyuma yao Mama Jokha alikuwa akifunga nguo za mtoto kwenye kanga, anafunga, anafungua, anafunga.

"Miye sikukunyang'anya," alisema bila kuinua uso. "N'lingoja. Kila lori likija n'kisema leo ndo anakuja. Halafu n'kawa nasema, Mungu jaalia asije."

"Najua," mama akasema. "Mungu akulipe, dada yangu. Mimi sitaweza kukulipa."

Athumani alikaa nasi tangu wakati huo hadi mvua za masika zilipoanza. Hakuwa mtoto wa kusumbua, laiti angesumbua. Alikula alipoambiwa, matonge machache. Alimuuliza mama kwa adabu, "Mama Zuhura, kwetu tunakwenda kesho?" na mama akimwambia hapa ndipo kwenu, anaitikia kwa kichwa. Baadaye akaacha kuuliza. Akaacha na kukimbia. Nilimfundisha mchezo wa kobwe, akawa anashika kete mkononi haichezi. Mchana watoto wengine wako kwenye magofu, yeye kalala mkekani kajifunika gubigubi. Magoti yalianza kuwa makubwa kuliko mapaja. Mama alimpikia kila kitu, alimwimbia, alimbeba mgongoni huku na huko, kwa nguvu zile zote alizozingojea, na mtoto alilala mgongoni pake kama mzigo wa nguo.

Ilikuwa asubuhi, Bibi anapepeta mchele, mama kakaa na Athumani mapajani. Nilimwona akimpitisha kidole gumba kwenye nyusi, taratibu, vile vile alivyofanya daktari. Akamshika viganja. Akamfunika.

"Mtoto huyu kapoa," akasema.

"Atazoea," Bibi akamjibu. "Mtoto huzoea."

"Na miye mliniambia nitazoea, Mama." Hakusema kwa ugomvi. "Mlikuwa mwanitazama kila siku, nami najitazama, na sote hatukuona. Huyu namwona. Kuna kitu anakikosa, na hakiko kwenye sahani."

"Akose nini, na mama yake amempakata?"

Mama alimlaza Athumani begani, akasimama. Hakupepesuka.

"Mama yake yuko Moa," akasema.

Bibi aliacha kupepeta. Nilingoja amkatalie, maana alikuwa bibi wa kukataa, lakini aliinamia ungo wake na hakuinua kichwa mpaka tulipoondoka. Baba alikuwa shambani kwa Mgiriki, akaja kuambiwa baadaye. Njia nzima mama alimpakata Athumani. Lori lilipofika karibu na nyumba ile, mtoto akainua kichwa, akanusa, akaanza kutikisa miguu. Mama akamteremsha. Alikimbia, yule ambaye hakukimbia miezi yote, akikanyaga kanzu yake, anaita kwa nguvu "Mama!", neno ambalo kwetu hakulitamka hata mara moja bila jina langu nyuma yake. Mama alimsikia akiliita mpaka alipoingia ndani.

Hatukulala Moa. Mama alikabidhi nguo, wakashikana mikono na Mama Jokha, tukarudi kwenye lori lilelile lililokuwa linageuza. Nilikuwa na hasira naye. Nilimtazama amekaa wima juu ya magunia, shavu limerudia rangi yake nyeusi, mikono ina nguvu, haina kitu.

"Athumani atarudi lini?" nikamuuliza.

"Amesharudi, mwanangu," akasema, akanifuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga.